Mtoto Aliyeshindikana: Kisesa, Kanisa na Historia ya Makao ya Kulelea

Katika Kiswahili cha huku kwetu kando ya ziwa kuna neno ambalo wazazi hulitamka kwa kuinamisha uso: ameshindikana. Mtoto ameshindikana. Kisarufi ni neno la ajabu, kwa sababu humficha mtenda. Halisemi ni nani aliyeshindwa. Linamwachia mtoto mzigo wote wa kitenzi, kana kwamba kushindwa kulimwota mwilini kama upele. Anayesemwa hivyo huwa na umri wa miaka 13 hadi 17. Ameacha shule, au amezoea bangi, au amemwibia mjomba wake, au amehamia stendi za mabasi mjini. Na akiwa binti, mara nyingi kosa lake ni kutoroka nyumba ambayo hakuna aliyeuliza kwa nini aliitoroka.

Kisesa ipo wilayani Magu, umbali wa kilomita 20 hivi mashariki ya jiji la Mwanza, kwenye barabara kuu iendayo Musoma. Kwa kijana wa huko jiji si ndoto ya mbali. Ni nauli ndogo tu, au kudandia lori la mizigo. Kwa hiyo wazazi wa Kisesa wamelisema neno hilo mara nyingi, na nilichojifunza kwa kuwasikiliza kwa miaka kadhaa ni kwamba wakishalisema, wengi wao hawaendi kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, wala polisi, wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Huenda kwa padri au mchungaji. Na ombi lao huwa ni moja: "Tutafutie mahali pa kumweka."

Ombi hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Imani kwamba Kanisa lina mahali pa kuweka watoto, na kwamba mtoto akiwekwa huko atatengenezeka, haikuzaliwa Usukumani. Ililetwa, nasi tunaweza kuonyesha kwa miaka na kwa majina ilikotoka. Nakusudia kuifuata njia hiyo, kwa sababu naamini kwamba makao mengi ya Kikristo tuliyonayo leo yamerithi umbo lililobuniwa kwa ajili ya mtoto wa aina nyingine kabisa: mtoto asiye na ndugu.

Tuanzie mbali, Algeria. Mnamo 1867 Charles Lavigerie aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Algiers, na mwaka huo na uliofuata nchi ile ilipigwa na njaa na kipindupindu. Watoto walizagaa barabarani. Lavigerie akawakusanya zaidi ya 1,000, akawatafutia majengo, chakula na walezi. Mwaka 1868 akaanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao sisi tumewazoea kwa jina la Mapadri Weupe. Shirika hilo, basi, lilizaliwa pamoja na nyumba ya yatima. Njaa ilipotulia, Gavana Mkuu MacMahon alitaka watoto warudishwe kwa koo zao za Kiislamu. Lavigerie alikataa, na ugomvi wao ukafika hadi Paris. Baadaye aliwajengea vijana wale vijiji vya Kikristo katika bonde la Chélif, akawaozesha wao kwa wao na kuwapa mashamba. Msomaji anaweza kumhukumu apendavyo. Mimi naona kwamba bila yeye wengi wangekufa. Lakini swali ambalo MacMahon aliliuliza, hata kama aliliuliza kwa hesabu zake za kisiasa, ni lile lile linalotukabili Kisesa: mtoto huyu ni wa nani baada ya njaa kwisha?

Wakati huohuo, upande wetu wa bara, Mapadri wa Roho Mtakatifu waliokuwa Zanzibar tangu 1863 walivuka na kufungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Waumini wao wa kwanza walikuwa watoto walionunuliwa katika soko la watumwa la Zanzibar, kisha wengine walioteremshwa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Waanglikana nao walifungua Freretown, Mombasa, mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Watoto hao walikuwa wametekwa Manyema, Unyasa au Uyao, na hakuna ambaye angeweza kuwarudisha kwao. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, kengele iliwaita kwenye sala. Walipokua waliozeshwa ndani ya uzio. Maisha yao yote yalikuwa humo, kwa sababu nje ya uzio hapakuwa na mtu aliyewajua. Hata hivyo walikuwapo waliotoroka Bagamoyo, jambo lililowashangaza mapadri. Wao waliamini kwamba mtu akikombolewa hutulia.

Fedha za kazi hiyo zilitoka wapi? Hapa msomaji Mkatoliki atakutana na jina alijualo. Utoto Mtakatifu, ambao leo tunauona parokiani kama chama cha watoto, ulianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Forbin-Janson. Watoto wa Ulaya walichanga senti zao ili watoto wa nchi za mbali wakombolewe na kubatizwa, na mchangaji angeweza hata kupendekeza jina la ubatizo. Yule aliyetoa fedha kule alihitaji mtoto mmoja wa kumwazia, mwenye jina, na ikiwezekana mwenye kisa cha kusikitisha. Hakuhitaji kujua habari za shangazi wa mtoto huyo. Nawaomba wanafunzi wangu waikumbuke senti hiyo, maana tutakutana nayo tena.

Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulishika njia ya Bagamoyo na Tabora mwaka 1878 hadi ukafika pwani ya kusini ya Nyanza, maeneo ya Kageye, si mbali sana na Kisesa ya leo. Kutoka huko Padri Lourdel na Bruda Amans walivuka na kufika Buganda mwezi Februari 1879. Novemba 1882, mambo yalipowawia magumu katika baraza la Mutesa, wamisionari waliondoka Buganda, wakarudi kusini ya ziwa pamoja na watoto waliokuwa wakiwalea. Mwaka 1883 ikazaliwa misheni ya Bukumbi. Karibu na Tabora, katika miaka hiyohiyo, walikuwa na nyumba ya yatima huko Kipalapala. Kwa hiyo mtu akisema kwamba malezi ya makao ni jambo jipya katika Kanda ya Ziwa, lililoletwa na wafadhili wa miaka ya 1990, mwambie kwamba limekaribia umri wa miaka 150, na kwamba Ukatoliki wenyewe uliingia kwetu ukiwa umewashika watoto wa watu wengine mkono.

Je, Wasukuma walimfanya nini mtoto aliyeshindikana kabla ya hapo? Sipendi kupaka rangi enzi za mababu. Zilikuwa na ukatili wake, na mwenye kutaka ushahidi auangalie mkasa wa ajuza wenye macho mekundu. Ila lazima tukiri kwamba walikuwa na mpango. Jioni wanaume na wavulana waliketi shikome, penye moto wa uani, na huko kijana alisikia habari za ukoo, mashitaka dhidi yake na utani wa kumkanya, vyote kwa pamoja. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Umoja huo ulilima mashamba ya watu kwa zamu, ulicheza ngoma, na ulimtoza faini mwenzao mvivu au mkorofi. Juu yao walikuwapo wazee, banamhala, ambao waliweza kuiadhibu kaya nzima kwa kosa la kijana mmoja. Na kijana aliyegombana na baba yake kupita kiasi alipelekwa kwa mjomba au kwa bibi, kijiji kingine, akakaa huko msimu mmoja au miwili mpaka hasira zipoe.

Hebu tuitazame hiyo hatua ya mwisho. Kijana aliondolewa nyumbani, ndiyo, lakini alihamishwa kutoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Njia ya kurudi ilikuwa imejengwa ndani ya safari yenyewe. Bibi alikuwa na sauti mbele ya baba, mjomba angeweza kuja na kijana mkononi na kusema, "Shemeji, huyu sasa kaa naye, na wewe punguza kiboko." Adhabu ilimhusu mtoto, lakini mazungumzo yaliwahusu wakubwa.

Mpango huo uliyumba kwa sababu nyingi, nami nitazipita haraka. Kodi ya kichwa na kazi za mbali ziliwatoa vijana kijijini. Shule iliwapa elimu ambayo shikome haikuwa nayo. Kisha Operesheni Vijiji ya 1974 ikazing'oa kaya za Kisukuma zilizokuwa zimetawanyika kila moja na uwanja wake, ikazipanga kwa mistari kando ya barabara. Wazee wameniambia kwamba moto wa shikome ulizimika hapo, kwani uani hapakuwa tena na nafasi wala ng'ombe wa kuzungukwa. Sungusungu, ulioibuka Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulirudisha sehemu moja ya utaratibu wa kale, nayo ni faini na fimbo. Utani, shamba la pamoja na safari ya kwa bibi havikurudi pamoja nayo.

Kisesa yenyewe ina kituo ambacho kingetosha kutufundisha jambo hapa. Pale Bujora, katika miaka ya 1950, Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, alianza kukusanya ngoma, viti vya enzi, dawa na nyimbo za Wasukuma, akajenga kanisa la mviringo lenye alama za utemi ndani yake, na kuipa Sikukuu ya Ekaristi sura ya Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma. Wasukuma wakampa jina la Fumbuka. Nimewapeleka wanafunzi Bujora mara nyingi, na kila mara huwaambia wafikirie jambo moja. Katika miaka ileile Clement alipokuwa akiwaambia Wasukuma kwamba utamaduni wao unaweza kuingia kanisani na kiatu chake, nchini mwake Canada shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa niaba ya serikali zilikuwa zikiwachukua watoto wa wenyeji na kuwakataza hata lugha za mama zao. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya huko, iliyomaliza kazi mwaka 2015, ilihesabu watoto wasiopungua 150,000 waliopitia shule hizo. Na Quebec hiyohiyo, chini ya Waziri Mkuu Duplessis, maelfu ya watoto waliokuwa katika nyumba za watawa waliandikwa kwamba wana maradhi ya akili ili ruzuku ipatikane. Simhusishi Clement na mambo hayo hata kidogo. Nasema tu kwamba Kanisa moja, katika muongo mmoja, lilikuwa na mikono miwili, na kwamba sisi wa Kisesa tulibahatika kushikwa na ule wa kuume.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mtoto wake aliyeshindikana. Dar es Salaam ya miaka ya 1930 ilijaa vijana ambao maafisa waliwaita wahuni, na mwaka 1937 ikatungwa Sheria ya Watoto na Vijana. Kwa sheria hiyo mtoto ni aliye chini ya miaka 12, na kijana ni wa miaka 12 hadi kabla ya 16. Nayo mahakama ilipewa uwezo wa kumpeleka mkosaji shule ya maadilisho. Sheria hiyo ilidumu, pamoja na marekebisho, hadi 2009. Fikiria: tulipata uhuru, tukatangaza Azimio la Arusha, tukaingia vyama vingi, tukabinafsisha mashirika, na kijana mkorofi bado alihukumiwa kwa akili ya 1937. Shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, ndiyo aliyotazamiwa kupelekwa hata mtoto wa Magu, umbali ambao mama muuza dagaa hawezi kuusafiri kumtazama mwanawe.

Kwa kuwa serikali haikuwa na nyumba za kutosha, iliyaachia makanisa. Jeshi la Wokovu, lililokuwa Tabora tangu 1933, liliombwa na gavana mwaka 1950 kutoa huduma Dar es Salaam, nalo likaanzisha kambi ya Mgulani. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Kusimamia Makao ya Watoto ya 1968, iliyotaka makao yaandikishwe na kukaguliwa. Mkataba usioandikwa ulikuwa huu: kanisa litalea, serikali itakagua. Upande mmoja wa mkataba umetekelezwa vizuri zaidi kuliko mwingine, na watumishi wa umma wanaonisoma wanajua ni upi.

Nafika sasa katika miaka ya 1990, ambapo Kisesa inaingia katika vitabu vya dunia. Mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tawi la Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi katika mradi wa TANESA, walianza kuihesabu kata ya Kisesa kaya kwa kaya ili kufuatilia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Utafiti huo uliendelea kwa miongo, na ni miongoni mwa kumbukumbu bora za aina yake barani Afrika. Mwaka 1997 Mark Urassa na wenzake walichapisha walichokiona kuhusu yatima. Waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili hawakufika mmoja kati ya kila watoto 10 walio chini ya miaka 18. Wakaona pia kwamba kulelewa na asiye mzazi lilikuwa jambo la kawaida Kisesa, hata kwa watoto ambao wazazi wao wote wawili walikuwa hai. Bibi alikuwa bado kazini, na mjomba alikuwa bado kazini. Shikome ilikuwa imezimika, lakini safari ya kwa bibi ilikuwa ikiendelea kimyakimya, bila mfadhili na bila kibao barabarani.

Vibao vilikuja. Katika miaka hiyo na iliyofuata, habari za yatima wa UKIMWI zilizunguka dunia, na makanisa ya Ulaya, Marekani na Korea yakapeleka fedha. Mwanza na vitongoji vyake vikapata makao ya Kikristo ya kila dhehebu. Sikatai wema wake. Nimekula katika meza zake, nimeona watoto ambao wangekuwa makaburini. Ila angalia senti ya 1843 ilivyorudi. Mfadhili anapewa picha ya mtoto mmoja, jina lake na umri wake, na hulipia kitanda chake mwezi kwa mwezi. Makao yakimrudisha mtoto kwa shangazi yake, kitanda hubaki kitupu na mfadhili husitasita. Kwa hesabu hiyo, makao yanayofanya kazi yake vizuri hupungukiwa fedha. Hakuna mtu mwovu katika hadithi hii; kuna kitabu cha mahesabu tu, chenye mstari wa unga, mstari wa ada na mstari wa mishahara ya matroni, lakini bila mstari wa nauli ya kumpeleka mfanyakazi Ng'wamanga au Sangabuye akakae siku mbili na familia.

Hesabu hiyo humuumiza zaidi kijana kuliko mtoto mdogo. Mtoto wa miaka minne hupigwa picha vizuri. Kijana wa miaka 15 mwenye kovu na ulimi mchafu hapigiki picha. Makao mengi, yawe yamesema hivyo katika katiba zao au la, yana umri wa kuchoka, na mvulana akianza kuvunja ndoano za milango huambiwa kwamba hafai, anaharibu wenzake. Hapo anashindikana mara ya pili, safari hii mbele ya watu wa Mungu. Ndiyo maana Mwanza ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihitaji Kuleana, shirika lisilo la kidini lililoanzishwa na akina Rakesh Rajani na Mustafa Kudrati, ambalo liliwafuata watoto wa mitaani huko walikolala na kuzungumza nao kuhusu haki, neno ambalo liliwaudhi wengi mjini hapa. Viongozi wa dini wengine waliliona kama uchochezi. Kwa maoni yangu Kuleana ilifanya jambo ambalo Injili inaliagiza na ambalo makao hayakuwa yakilifanya: ilimwuliza mtoto.

Kanisa halikukosa mfano wake lenyewe. Nairobi, mwaka 1973, Padri Arnold Grol, Mmisionari wa Afrika kama Clement wa Bujora, alianzisha Undugu kwa ajili ya wavulana waliosindikiza magari ya watu maegeshoni. Undugu ilianza kwa kuwapa vijana mahali pa kulala. Baadaye ilitambua kwamba kwa kila kijana mmoja aliyeingizwa ndani, wengine walitoka katika vibanda vilevile vya mitaa ya mabanda, ikageukia mitaa yenyewe: shule za ufundi, mikopo, akina mama. Nyumba hazikufungwa zote, ila zilipewa kazi ndogo zaidi, kazi ya kupitia. Shirika la Lavigerie, baada ya miaka 105, lilijibu swali la MacMahon.

Ni lazima niseme na hatari, kwa sababu wanaharakati husema upande mmoja nao watumishi wa dini husema mwingine. Mei 2009 tume ya Jaji Ryan huko Ireland ilitoa ripoti kuhusu shule za ufundi na za maadilisho zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa. Ilionyesha kupigwa, kutwezwa na kunajisiwa kwa watoto kwa miongo mingi, na ikaonyesha pia kwamba wengi wao hawakuwa yatima. Walipelekwa kwa umaskini, utoro au wizi mdogo. Huko Texas, mhubiri Lester Roloff aliendesha nyumba za vijana wakorofi tangu miaka ya 1960, wasichana wakaeleza mahakamani habari za viboko na vyumba vya kufungiwa, naye akakataa katakata kuomba leseni kwa hoja kwamba dola haiwezi kulipa Kanisa ruhusa ya kulea. Hoja hiyo ilipata nguvu hata baada ya kifo chake mwaka 1982: mnamo 1997 jimbo hilo liliruhusu nyumba za kidini zithibitishwe na chombo chao wenyewe badala ya serikali, na mwaka 2001 ruhusa hiyo ikaachwa ikafa. Nimesikia hoja ya Roloff ikitamkwa kwa Kiswahili fasaha ndani ya mkoa wetu, na mtu ambaye, nadhani, hajawahi kulisikia jina lake.

Lakini anayesema "warudisheni wote nyumbani" naye hajaijua nyumba. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kuchapishwa 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Na kwamba karibu robo tatu ya wote walipigwa ngumi, mateke au mijeledi na mtu mzima au mwenza. Wapigaji wakuu walikuwa ndugu na walimu. Kwa binti anayemkimbia baba wa kambo, makao ya masista ni wokovu kwa maana halisi ya neno. Methali yetu husema mkono mmoja haulei mwana. Wahenga hawakutuambia tufanye nini pale mkono wa pili unapokuwa ndio unaopiga.

Sheria ya Mtoto ya 2009 imelijua hilo. Inamtambua mtoto hadi miaka 18, inataka makao yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na inawapa wafanyakazi wa makao, wazazi na afisa ustawi wa jamii wajibu wa pamoja wa kumwezesha mtoto kurudi kwao mapema iwezekanavyo. Sheria pia imefungua njia ya walezi na familia za kuaminika, yaani safari ya kwa bibi iliyovikwa nguo ya serikali. Kilichopungua ni mtu wa kwenda. Afisa mmoja anaweza kupewa kata kadhaa, bila pikipiki, na mezani kwake kuna talaka, matunzo, wazee na walemavu. Matokeo yake ni kwamba kijana huingia makaoni kwa barua ya mchungaji na sahihi ya mzazi, na wala ofisi ya halmashauri haijui kwamba amehama.

Mama mmoja wa Kisesa, ambaye mwanawe alikaa katika makao fulani kwa miaka mitatu kisha akarudishwa kwa kosa la kupigana, alinieleza yaliyofuata. Kijana alifika jioni na begi. Chumba chake kilikuwa kimewekwa mpunga. Baba zake wadogo walikuwa wamegawana shamba bila kumhesabu, kwa sababu walidhani kwamba ni wa Kanisa sasa. Hakujua tena kuchunga, na Kisukuma chake kilikuwa kimechakaa, hata bibi yake akawa anamchekea. "Mwalimu," mama aliniambia, "mimi sikumwomba padri amchukue. Nilimwomba aje akae na shemeji zangu, maana ugomvi ulianzia kwenye lile shamba. Padri akasema hilo si kazi yake, ila anayo nafasi moja." Baada ya wiki sita kijana alikuwa Mwanza mjini.

Niliwahi kuruhusiwa kuangalia daftari la makao mengine, mkoani humuhumu, yenye bustani nzuri na watoto wenye afya. Lilikuwa limetunzwa kwa mwandiko safi. Safu ya kwanza ilikuwa ya jina, kisha umri, ubatizo, darasa, chanjo, mfadhili na nchi ya mfadhili. Safu ya mzazi au ndugu wa karibu ilikuwa ya mwisho, nyembamba, na katika sehemu kubwa ya kurasa nilizofunua ilikuwa imeandikwa neno moja tu: yupo.